Shakai Taishūtō: kilibanwa au kilijiuza?

Wanaokitetea Shakai Taishūtō, chama cha wasoshalisti wa wastani wa Japani, husema kilibanwa kila upande. Wanaokilaumu husema kilijiuza kwa jeshi.

Kubanwa ni kweli. Mwaka 1925 wanaume wote wa miaka 25 na zaidi walipewa kura, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Kulinda Amani: kuunda au kujiunga na kundi linalopinga mali binafsi, kifungo hadi miaka 10. Vyama vya wafanyakazi na wakulima, vilivyokuwa vikigawanyika kila kukicha, viliambulia viti 8 kati ya 466 mwaka 1928. Julai 1932 viwili vikaungana kuwa Shakai Taishūtō, Abe Isoo akiwa mwenyekiti na Asō Hisashi katibu mkuu, kwa msimamo wa kupinga ubepari, ukomunisti na ufashisti. Umoja ulizaa matunda: viti 18 mwaka 1936, kisha 37 mwaka 1937, chama cha tatu bungeni.

Lakini sumu ilishaingia. Oktoba 1934 Wizara ya Jeshi ilitoa kijitabu kilichofunguliwa kwa kauli kwamba vita ni baba wa uumbaji na mama wa utamaduni. Ndani yake kulikuwa na kilio cha wakulima na madai kwamba dola isimamie uchumi. Asō alikiunga mkono hadharani. Aliamini kwamba jeshi lililojaa vijana wa vijijini, likishikana na umma, lingeung'oa ubepari. Hakujiuliza nani angeshika usukani. Chama hakikuwa na sauti yoyote ndani ya jeshi, ilhali jeshi liliweza kuiangusha serikali kwa kumwondoa waziri wake tu. Mwaka 1938 wabunge wa chama waliunga mkono Sheria ya Uhamasishaji wa Taifa wakiiona ngazi ya usoshalisti. Kumbe iliipa serikali mamlaka ya kuamua mishahara na kuwapanga wafanyakazi kazini bila kulirudia bunge.

Je, walilazimishwa? Machi 1940 bunge lilimfukuza mbunge Saitō Takao kwa kuhoji vita vya China. Katayama Tetsu, Nishio Suehiro na wenzao ndani ya Shakai Taishūtō hawakuunga mkono hatua hiyo. (Nishio huyuhuyu, mwaka 1938, alimhimiza waziri mkuu Konoe awe na ujasiri kama wa Mussolini, Hitler na Stalin, kwa hiyo naye hakuwa mtu safi kabisa.) Waliowatimua kwa hilo ni viongozi wa chama chao wenyewe. Abe akaondoka pia. Kukataa, basi, kuliwezekana, na hapo ndipo utetezi unapoporomoka.

Tarehe 6 Julai 1940 chama kilijivunja, kikivitangulia vyama viwili vikubwa, Seiyūkai na Minseitō. Asō alifariki Septemba. Katayama, yule aliyetimuliwa, akawa waziri mkuu wa kwanza msoshalisti wa Japani mwaka 1947.