Wajawazito wakiitikia kwa pamoja, tumepima nini?

Nikisikia kliniki inasifiwa kwa mahudhurio ya wajawazito, huwa najiuliza hayo mahudhurio yanapima nini. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha idadi inayopendekezwa kutoka manne hadi manane, na ni jambo jema. Ila mama anaweza kuyatimiza yote manane na bado usiku wa uchungu asijue aanzie wapi.

Somo lenyewe mnalijua. Benchi limejaa, kadi mapajani, nesi anauliza dalili za hatari na kina mama wanaitikia kwa pamoja: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, mtoto kuacha kucheza. Wamefaulu wote! Sasa mvute mmoja pembeni umuulize damu nyingi baada ya kujifungua ni kiasi gani. Kitaalamu, kuanzia nusu lita ni tatizo. Mpe jagi la maji na khanga kuukuu akuonyeshe nusu lita inavyolowesha. Hapo ndipo utajua kama somo limeingia.

Lakini kwangu mimi kinachoangusha zaidi ni mipango. Hapa Moshi kuna kina baba wengi ambao ni “wagumu”, yaani wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro. Akipanda kwa njia ya Machame ni siku sita au saba, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Hela ya kujifungulia iko M-Pesa, kwenye simu yake, na namba ya siri anaijua yeye. Mke anazitaja dalili zote bila kukosea, ila hana nauli ya bajaji. Basi swali la kupimia ni hili: uchungu ukianza saa nane usiku na baba yuko juu, unampigia nani? Akitaja mtu, apigiwe hapo hapo. Mtu huyo akishtuka kusikia anategemewa, hakuna mpango.

Halafu kuna suala la wenza. Anayekuja na mwenza huhudumiwa kwanza, ndiyo maana hatuishi kusikia habari za bodaboda aliyekodiwa awe mume wa asubuhi moja. Daftarini kahesabiwa. Mama mkwe hahesabiwi, wakati ndiye atakayepika mtori na kuamua mtoto aonjeshwe maji au la, na kitovu kipakwe nini. Mimi ningemkalisha yeye benchini kabla ya yule bodaboda.

Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti unaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 9 ya elimu ya wajawazito, yakahitimisha kwamba matokeo yake kwa sehemu kubwa hayajulikani. Wapo watakaosema basi madarasa hayana maana. Mimi nasema tuulize baada ya mama kuyapitia. Chanjo ya wiki ya sita inamrudisha kliniki na mtoto wake. Aulizwe: kipi tulikufundisha kikakufaa, na kipi kilikukuta hatukukwambia? Majibu yaende kwa nesi yule yule wa benchi, si kwenye ripoti ya robo mwaka, ili Jumatatu abadilishe somo. Mtoto akiwa kwenye mzani, dakika tatu za kumuuliza mama zinapatikana.