Kuhani ameketi, nani basi anasimama madhabahuni?

Kiswahili kimetuepusha na utata uliowasumbua Waingereza tangu zamani. Kwao neno moja linabeba watu wawili: aliyechinja kondoo hekaluni Yerusalemu, na anayeadhimisha Misa Jumapili. Sisi tuna kuhani, halafu tuna padre au kasisi. Hata hivyo majina kuwa mbalimbali hakujamaliza ubishi wenyewe: agano jipya limeufuta ukuhani wa wanadamu, au limeupa sura nyingine?

Wanaosema umefutwa hukimbilia Waraka kwa Waebrania, na wana haki. Mwandishi anaanzia kwa Melkizedeki, mfalme wa Salemu, aliyempokea Abrahamu akitoka vitani na kupewa zaka. Lawi, babu wa makuhani wote, alikuwa bado kiunoni mwa Abrahamu siku hiyo. Ni kama naye alitoa zaka kwa aliye mkubwa kuliko yeye. Basi Yesu, mtu wa kabila la Yuda ambaye kwa Torati hakuwa na nafasi madhabahuni, ni kuhani kwa mfano wa Melkizedeki. Na ukuhani ukibadilika, sheria nayo haina budi kubadilika (7:12).

Ila kinachonivuta mimi ni jambo dogo la sura ya 10. Makuhani wa kale walisimama kila siku wakirudia dhabihu zilezile. Yesu alitoa moja, akaketi. Pitia orodha ya vyombo vya hema katika kitabu cha Kutoka: meza, kinara, madhabahu mbili, birika la shaba. Kiti cha kuhani hakimo. (Kiti cha rehema ni kifuniko cha sanduku la agano, na hakuna aliyethubutu kukikalia.) Kazi haikuwa na mwisho, kwa hiyo hakuna aliyekaa. Ukishasoma hivyo, ni vigumu kuona kazi gani ya dhabihu imebaki kwa mtu mwingine. Martin Luther aliichukua hoja ya aina hii mwaka 1520 alipowaandikia wakuu wa Ujerumani kwamba ubatizo humfanya kila Mkristo kuhani, na mchungaji ametengwa kwa kazi tu. Tegemeo lake lilikuwa 1 Petro 2:9, “ukuhani wa kifalme”.

Hapo ndipo Wakatoliki wana jibu zuri kuliko wengi wanavyodhani. Maneno ya Petro yametoka katika kitabu cha Kutoka 19:6, ambako Israeli yote iliitwa ufalme wa makuhani. Taifa zima makuhani, na bado Haruni, kuhani mkuu wa kwanza, akavikwa naivera, vazi la kikuhani. Kora, Mlawi aliyewapinga Musa na Haruni, alipodai kwamba kusanyiko lote ni takatifu, ardhi ilifunua kinywa ikammeza. Kwa hiyo ukuhani wa wote, peke yake, hauondoi ukuhani wa wachache. Paulo naye, katika Warumi 15:16, anaieleza huduma yake ya Injili kwa lugha ya kikuhani. Wala Roma haidai kuna dhabihu ya pili: Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento ulifundisha mwaka 1562 kwamba anayetolewa katika Misa ni Kristo yuleyule wa msalabani, kinachotofautiana ni namna ya kutoa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ukasema ukuhani wa waamini na ule wa daraja, yaani wa mapadre na maaskofu, kila mmoja unashiriki ukuhani mmoja wa Kristo, ingawa unatofautiana na mwenzake kwa asili. Sikiliza Misa yenyewe: “Salini ndugu, ili sadaka yangu na yenu ikubalike.” Yangu na yenu, mafundisho yote yako hapo.

Kikwazo chao ni msamiati. Agano Jipya linataja wazee, maaskofu na mashemasi, lakini hakuna kiongozi wa kanisa hata mmoja anayepewa cheo cha kuhani. Lugha hiyo tunaikuta wazi karne ya 3, kwa mfano kwa Sipriani, askofu wa Karthago. Hujibiwa kwamba Hekalu lilisimama hadi mwaka 70, na jina hilo lingewachanganya watu. Inawezekana. Lakini jibu hilo linaeleza ukimya tu, halithibitishi kilichonyamaziwa.

Kwa mizani yangu Waebrania inaelemea upande wa Luther. Ndiyo maana nashangaa ninapowaona ndugu zetu wanaomcheka padre wakimrudisha Haruni kwa mlango wa nyuma kila Januari, kwa jina la malimbuko, yaani sadaka ya mapato ya kwanza. Mtumishi kula kwa Injili ni halali, Paulo amesema hivyo katika 1 Wakorintho 9. Lakini malimbuko ya Hesabu 18 yalikuwa fungu la Haruni na wanawe, hao hao ambao Waebrania inasema zamu yao imekwisha. Huwezi kumpiga Roma kwa Waebrania 7 kisha ukakusanya kwa ukuhani uleule uliotangaza umefungwa.

Januari iliyopita nilikuwa mgeni kwenye ibada ya namna hiyo. Tulipewa bahasha zenye nafasi ya jina, simu, kiasi na mahitaji ya maombi. Mama mmoja muuza maandazi, tuliyekaa naye benchi moja, aliinua mkono akauliza: malimbuko ya biashara yanahesabiwa kwa mauzo au kwa faida? Mhudumu akatafakari kidogo, akasema ngoja akamuulize mtumishi.