Makalda ni mgodi wa shaba, tusijidanganye

Mtajie mtu wa Migori, kusini-magharibi mwa Kenya, mgodi wa Macalder, au Makalda kama tunavyouita wenyewe, naye atakujibu: dhahabu. Sikatai, dhahabu ipo. Lakini kwenye mwamba ule dhahabu ni abiria tu. Matatu yenyewe ni ya chuma, shaba, zinki na salfa. Tumemshughulikia abiria miaka yote hii, na gari hatujaliangalia.

Mwamba huo ulizaliwa chini ya bahari, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla Ziwa Victoria halijawaziwa. Volkano zilikuwa zikitokota sakafuni. Maji ya bahari yalizama kwenye nyufa, yakapata moto, yakanyonya madini kutoka kwenye mawe, kisha yakafoka tena juu. Yalipogusana na maji baridi yakautua mzigo wote papo hapo: metali zikiwa zimeshikana na salfa, pamoja na fedha na dhahabu kidogo. Baadaye ardhi ikayakunja matabaka hayo na kuyainua.

Kilichokaribia uso wa nchi kililiwa na mvua na hewa hadi kikabaki kutu nyekundu, na humo dhahabu ikawa huru. Hiyo ndiyo iliyowavuta wachimbaji wa enzi za ukoloni miaka ya 1930. Chini ya kutu kuna jiwe jingine kabisa, zito, lenye kung'aa kwa pairiti, yaani chuma kilichoshikana na salfa, na madini ya shaba. Shaba hiyo ilichimbwa hadi mgodi ulipofungwa miaka ya 1960. Wenyewe wakaondoka, marudio yakabaki: mchanga uliosagwa ukawa unga, salfa yake ingali ndani.

Leo watu wanaurudia mchanga huo, na siwalaumu, watoto wanataka karo. Ninaowalaumu ni wanaojua kemia wakanyamaza. Zebaki hukamata dhahabu iliyo huru. Ile iliyofungiwa ndani ya pairiti haiguswi. Mama anayeosha mchanga kwa mikono mitupu anavuta sumu, na sehemu ya dhahabu inamponyoka vilevile. Kisha anakuja mwenye matangi ya sianidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, kukusanya iliyobaki. Hapo shaba huila sianidi kabla haijaifikia dhahabu, kwa hiyo inabidi imwagwe nyingi zaidi. Na mchanga uliokwisha kupita zebaki ukitiwa sianidi, zebaki huyeyuka na kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unaitaja njia hiyo miongoni mwa zile mbaya za kukomeshwa. Huku kwetu maji huelekea Mto Kuja, na Kuja huingia ziwani.

Hata tusipougusa, mchanga wenyewe haujatulia. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huzisomba metali. Kuziba mashimo na kupanda miti michache juu hakuizuii.

Kwa hiyo anayeomba kibali cha kusaga marudio ya Makalda aulizwe kwanza: amechukua sampuli kutoka juu hadi chini ya rundo? Shaba ni kiasi gani, salfa ni kiasi gani, zebaki imelala wapi? Ataiondoaje kabla ya kumwaga sianidi, na mabaki yake atayafunika kwa nini? Mwenye karatasi inayosema dhahabu peke yake arudishwe akapime upya.