Kiwanja cha ibada si uwanja wa malumbano

Inakera kuona kiwanja cha mtaani kwetu hapa Mtwara, kilichokwisha kupimwa na kuwekewa mawe ya mipaka, kikizua ugomvi kila linapotajwa jengo la ibada. Kusini hii ina misikiti ya kale ya Mikindani, misheni ya Kianglikana ya Masasi tangu 1876 na ya Wabenediktini wa Ndanda tangu 1906. Kuishi pamoja hatukuanza jana. Kujadili vipaza sauti au njia ya maji ya mvua ni haki, lakini wapo wanaofika mkutanoni bila hata kuitazama ramani ya mipango miji, wakaishia kuisema dini ya jirani, ilhali Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Matofali yameota ukoga, na wazee wanasali chini ya turubai lililochanika. Mwenye pingamizi alete hoja ya ardhi, tena kwa maandishi.