Mafumbo ya Emoji: Orodha za Tafsiri Zinamsaidia Nani?

Kila baada ya muda huzuka orodha mpya inayodai kufichua maana za siri za emoji ambazo vijana hutumiana: fuvu linamaanisha hivi, plagi ya umeme vile, macho mawili yenye mdomo katikati kitu kingine kabisa. Wazazi na walimu huipokea na kuisambaza kama tahadhari. Vijana huiona na kucheka, kwa kuwa mengi ya yaliyomo wao walishayaacha zamani. Upande mmoja unaamini kwamba emoji zimekuwa lugha ya kufichia maovu, na wa pili unashikilia kwamba ni utani usiostahili kuchunguzwa. Kila upande una ushahidi wake, lakini zote mbili zinabishana kana kwamba maana imo ndani ya kipicha chenyewe, ilhali kwa sehemu kubwa imo katika namna vipicha vinavyopangwa na katika mazoea ya wanaotumiana.

Seti ya emoji aliyoibuni Shigetaka Kurita kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo nchini Japani mwaka 1999 ilikuwa na vipicha 176, kila kimoja kikiwa na pikseli 12 kwa 12, na vingi vilihusu mambo ya kawaida kama hali ya hewa na usafiri. Emoji zilipoingizwa katika Unicode, viwango vya kimataifa vya herufi na alama za kompyuta, mwaka 2010, kila moja ilipewa namba na jina, basi. Leo zimepita 3,700. Unicode inahakikisha kwamba fuvu lililotumwa kutoka simu moja litafika likiwa fuvu katika simu nyingine; haihakikishi kwamba mpokeaji ataelewa kuwa mtumaji amevunjika mbavu kwa kicheko.

Pengo hilo kati ya umbo na matumizi ndilo vijana walilolijaza, tena kwa ufundi ambao wakosoaji wao hawautazami vya kutosha. Wakati mwingine maana hutokana na kurudia: 💀 moja ni kicheko cha kawaida, ilhali 💀💀💀 ni kukiri kwamba jambo limepita kiasi, na safu ya 🚩🚩🚩, iliyoenea sana mwaka 2021, humaanisha kwamba tabia fulani ya mtu ni dalili ya kumkimbia mapema. Wakati mwingine vipicha huunganishwa viwe sanamu: 👁👄👁, iliyovuma katikati ya mwaka 2020, ni uso uliopigwa na butwaa, unaotazama bila la kusema, na hakuna hata kimoja kati ya vipicha vyake kinachobeba maana hiyo kikiwa peke yake. 🥺👉👈 ni mtu anayeomba jambo kwa haya, akigusanisha ncha za vidole. Neno lililowekwa kati ya nyota mbili, ✨hivi✨, mara nyingi husifiwa kwa kejeli. Ipo pia jamii ya emoji zinazotegemea maneno ya Kiingereza: 🧢 ni uwongo, kutokana na lugha ya mitaani ya Wamarekani Weusi inayotumia neno la kofia kwa maana hiyo, na 🐐 ni bingwa wa mabingwa, kwa kuwa herufi za kwanza za sifa hiyo kwa Kiingereza, Greatest Of All Time, zinaunda neno goat, yaani mbuzi. Kijana asiyezungumza Kiingereza huichukua maana na kuliacha chimbuko, na hapungukiwi na chochote.

Anayesema kwamba vijana wamesahau kuandika atapata shida kuueleza utaratibu huu, kwani ukibadili mpangilio, maana huharibika. 🤡 mwishoni mwa sentensi niliyoandika juu yangu ni kujicheka. Ikiwekwa chini ya sentensi yako, ni tusi.

Udhaifu wa orodha za tafsiri unaanzia hapo, na unazidishwa na kasi ya mabadiliko. Mwaka 2015 kamusi za Oxford ziliteua 😂 kuwa neno la mwaka. Miaka michache baadaye vijana wengi waliiona emoji hiyo kuwa ya watu wazima, wakahamia 💀 na 😭. Mwaka 2021 baadhi ya watumiaji wa TikTok waliamua tu kwamba 🪑 itumike mahali pa kicheko, bila sababu yoyote, na raha yenyewe ilikuwa kuwaona wageni wakihangaika kutafuta uhusiano kati ya kiti na kicheko. Fumbo la namna hiyo hufa siku linapofumbuliwa hadharani, kwa hiyo anayeandika orodha huwa kila mara anachapisha yaliyokwisha kuachwa.

Hata hivyo, hoja ya kwamba haya yote ni mchezo haikidhi. Ustadi uleule unaozaa utani ndio unaotumika kukwepa uangalizi. 🌽 hutumiwa mitandaoni kuashiria picha za ngono, kwa sababu jina la hindi kwa Kiingereza linakaribiana kwa sauti na neno la picha hizo, na mifumo inayochuja maneno hailikamati hindi. Mwaka 2021 DEA, idara ya Marekani inayopambana na dawa za kulevya, ilitoa karatasi ya emoji zinazotumika katika biashara hiyo, ikiwemo 🔌 kwa muuzaji na ❄️ kwa kokeini. Mzazi aliyeiona karatasi hiyo ana haki ya kuingiwa na wasiwasi, na kumwambia kwamba hajui utani wa vijana ni kumdharau.

Lakini karatasi hiyohiyo ilisema jambo ambalo wasambazaji wake hulipita haraka: kwamba emoji peke yake isichukuliwe kuwa dalili ya uhalifu, na kwamba sababu ya kuanzisha mazungumzo ni pale inapoambatana na mabadiliko ya tabia, ya mwonekano au ya kipato. Yaani hata chombo cha dola, chenye kila sababu ya kutisha watu, kilikiri kwamba kipicha hakitoi ushahidi. Theluji ni theluji kwa anayelalamikia baridi.

Tena wakubwa hawapotoki peke yao. 🙂 ambayo mtu mzima huituma kwa upole, vijana wengi huisoma kama ubaridi au hasira iliyofunikwa, na hivyo mtoto anaweza kushinda akidhani amemkera mama yake aliyemtakia siku njema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha mwaka 2016 kwamba hata watu wanapotazama mchoro uleule wa emoji, katika robo ya hali walitofautiana kama hisia yake ni nzuri, mbaya au ya kati. Ikiwa emoji moja ya uso inaleta mgawanyiko huo, mfuatano wa nne au tano hauwezi kuwa na tafsiri moja kwa watu wote.

Ajabu ni kwamba namna bora ya kusoma imetoka mahakamani, mahali ambapo ningetarajia ukavu. Nchini Israel, mwaka 2017, mahakama ya madai madogo ilishughulikia ujumbe ambao watu waliotaka kupanga walimtumia mwenye nyumba, wenye wachezaji ngoma, kindi, nyota yenye mkia na chupa ya shampeni. Hakimu aliona kwamba hapakuwa na mkataba, lakini emoji hizo, pamoja na maneno yaliyozizunguka, zilimpa mwenye nyumba matumaini ya haki, hata akaliondoa tangazo lake la kupangisha. Watu hao wakaamriwa kumlipa shekeli 8,000. Nchini Canada, katika jimbo la Saskatchewan, mkulima aliyejibu picha ya mkataba wa mbegu za kitani kwa 👍 alidai kwamba alithibitisha kuipokea tu. Mwaka 2023 jaji alikataa, na mkulima akatakiwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Canada. Rufaa yake ilishindwa mwaka 2024. Jaji alipekua jumbe za nyuma kati ya wawili hao, akakuta kwamba mkulima alikuwa amezoea kujibu mikataba kwa maneno mafupi ya kukubali, kisha akapeleka mazao.

Ugumu ni kwamba njia hiyo ya kupima emoji kwa mazungumzo yanayoizunguka ina gharama ambayo orodha haina. Ili ujue 🔌 ya kijana fulani inasema nini, ni lazima usome mazungumzo yake na mwenzake, na kuyasoma kwa siri kunavunja imani ambayo ingemfanya akueleze mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo sababu orodha zinapendwa: zinampa mtu hukumu bila kumlazimu kuuliza. Penye dalili nyingine za hatari, kama zile zilizotajwa na DEA, nitamuunga mkono mzazi anayeomba kuonyeshwa simu, mradi mtoto mwenyewe awepo. Mwalimu aliyeletewa picha ya skrini yenye emoji tatu zilizokatwa kutoka mazungumzo marefu yuko katika hali tofauti. Huyo aombe kuona jumbe zilizotangulia, na awasikilize wote wawili, mtumaji na mpokeaji, kabla ya kumwandikia yeyote barua ya adhabu.