Asilimia 3 na Mtu wa Katikati

Kijana mmoja wa kiwanda cha mbao Mafinga alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto na msumeno wa mashine. Nilipomkuta alikuwa ameshapona na amerudi kazini, ila si kwenye msumeno. Daftari amelibana kwapani, chaki iko mkono wa kulia, anapima mbao na kuzitia alama kabla hazijapakiwa kwenye lori. Wazo la kumhamishia huko halikutoka kwa daktari wala ofisi yoyote. Ni msimamizi wake, baada ya kumwona akihangaika wiki nzima, ndiye aliyemwambia: "Wewe si hesabu unajua? Njoo huku."

Marekani kazi aliyoifanya msimamizi yule ina jina na mshahara. Wapo washauri wa utengamao (kwa Kiingereza rehabilitation), watu waliosomea kukaa na mwenye ulemavu, kujua anaweza nini, kutafuta kazi inayomfaa na kuzungumza na mwajiri. Kwetu anayekaribia hapo ni afisa ustawi wa jamii, ambaye meza yake imejaa mashauri ya matunzo ya watoto na ndoa zilizovunjika. Hata neno lenyewe halijatulia. Vyuo vyetu vya ufundi kwa watu wenye ulemavu viliitwa vya "marekebisho", utadhani anayeingia pale ni rasimu ya katiba.

Tuidai taaluma hiyo? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, iliyokuja baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao mwaka 2009, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. (Asilimia 3 ya 20 ni mtu 0.6. Sijui huyo anakalia kiti cha namna gani.) Muulize mwajiri wa Mbeya mjini, atakwambia hawaombi. Muulize aliyesoma akabaki nyumbani Uyole, atakwambia alijua hawatamchukua. Wote wawili wanasema kweli, na sheria haina miguu ya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao, uliotokana na sheria ya 2008, una utengamao kati ya mafao yake. Lakini fao la namna hiyo halimalizwi na hundi. Lazima mtu aje kiwandani, azunguke, aone ni kazi gani inafanyika kwa mkono mmoja na nusu.

Wamarekani wao walianza na watu. Mpango wao wa kuwarudisha raia wenye ulemavu kazini ni wa 1920. Mwaka 1954 serikali ikaanza kulipia mafunzo ya washauri vyuo vikuu. Sheria ya 1973, yenye kifungu cha 504 kinachokataza ubaguzi kwenye shughuli zinazopokea fedha za serikali kuu, ikakuta wapo kazini. Sisi tumeezeka paa, nguzo bado ziko msituni.

Ila historia hiyo hiyo inawapa silaha wanaopinga. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kulala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, aliomba msaada wa masomo kwenye idara ya utengamao ya California. Mshauri akaamua kwamba ulemavu wake ni mkubwa mno, hataweza kufanya kazi kamwe. Mwaka 1975 Roberts akateuliwa kuwa mkurugenzi wa idara hiyo hiyo. Kalamu inayoandika "anafaa" ndiyo inayoandika "hafai", na si bure kwamba sheria ya 1973 ilitaka mpango wa kila mtu uandikwe na mshauri pamoja na mhusika mwenyewe.

Halafu kuna suala la shahada. Mshauri mwenye shahada ya uzamili atapangiwa Dodoma, akisukumwa sana atafika Mbeya. Makete na Ileje atakwenda lini? Na wapo ambao hawakusubiri vyeti. Iringa mjini, karakana ya Neema Crafts inaajiri watu wenye ulemavu tangu 2003. Mgahawani kwao wahudumu ni viziwi, na anayelazimika kujifunza namna ya kuagiza chai ni mteja.

Mimi naegemea kuianzisha kazi kabla ya cheo: mtu mmoja kila wilaya asiye na mzigo mwingine, afundishwe kwa miezi, ikiwezekana awe mwenye ulemavu, awe na ruhusa ya kuingia viwandani na asiwe na mhuri wa kumkatalia mtu. Najua panapovuja. Kazi isiyo na cheo haipati fungu kwenye bajeti, na bila bodi ya kumwajibisha, siri za ugonjwa wa mtu zinaweza kufika kwa mwajiri kabla ya barua ya maombi. Hilo linanisumbua kuliko suala la fedha.

Yule msimamizi wa Mafinga amehamia Njombe. Kwenye karatasi ya mishahara kijana bado anaandikwa fundi wa msumeno, na bosi mpya ameshauliza mara mbili kwa nini haonekani kwenye mashine.