Mbaazi zetu zimekosa nini hotelini?

Juzi nilialikwa chai ya asubuhi kwenye hoteli moja kubwa hapa London, zile za vitambaa vyeupe na vijiko vizito. Nikaletewa nini? Mayai, nyanya ya kukaanga, uyoga, na maharagwe ya mkebe yenye sosi tamutamu. Soseji ya damu niliirudisha, mwajua wenyewe kwa nini. Lakini niliwavulia kofia. Hicho ni chakula cha bibi zao, ndicho wanachokula mafundi kwenye vibanda vya barabarani, na hoteli haikionei haya.

Sasa njoo Nyali, kwetu Mombasa. Desemba niliwapeleka wazee wangu kwenye hoteli ya ufuoni, baada ya askari wa geti kutuhoji wee huku watalii wakipita na kaptula zao. Ndani, meza ya bufee ndefu, na katikati yake, wallahi, maharagwe ya mkebe! Mbaazi za nazi hakuna. Mahamri hakuna. Nikamuuliza mhudumu, kijana wetu wa Kisauni, akacheka kwa aibu: "Hivyo ni Ijumaa, usiku wa Waswahili." Usiku huo wahudumu wanavalishwa kanzu na kofia, taa zinazimwa, vibatari vinawashwa.

Najua mtakavyosema. "Ameona theluji, sasa atufundisha kula." Mimi huku napanda basi la alfajiri kwenda kazini, sina cha kuringia. Wengine mtasema mgeni ndiye mlipaji na ataka chakula chake. Mtu atoke Manchester, na nauli yote ile, aje kufuata maharagwe aliyoyaacha kabatini kwake?

Na wewe unayeniambia nikale Mji wa Kale kwa bei ya raha: nala, kila nikija. Hamri la moto, lililokandwa kwa tui na iliki, walipasua mvuke unatoka, wachovya kwenye mbaazi nzito zenye pilipili mbichi. London nzima sijalipata, na nimetafuta.

Ndiyo maana naudhika. Meneja mwenyewe ni mwenzetu, nina hakika zile mbaazi amezila kwake kabla ya kufunga tai. Asinambie mpishi wake hajui. Kina mama wa Majengo wanakaanga mahamri kabla hakujapambazuka. Awape oda tu, na awalipe siku hiyo hiyo, si baada ya miezi mitatu.